Tabora mtaa gani una shule nzuri? Wifi kauliza, jibu likawa refu

Wifi yangu kanipigia juzi kutoka Kigoma, hata salamu hazijaisha kaingia moja kwa moja, "Wifi, kaka yako uhamisho umetoka, tunakuja Tabora, sa niambie mtaa gani una shule nzuri tutafute nyumba hukohuko." Nkamwambia ngoja nimalize kukaanga ntakupigia, ile kumaliza nkajikuta nimeshika kijiko nawaza namjibu nini, maana lile swali ukilisikia ni moja ila ndani yake yamejazana maswali matano. Na si wifi peke yake. Watu wanaingia sana mji huu, wa reli, wa vyuo, wa maofisi, na kila mwenye watoto anauliza hivohivo, Ipuli au Kiloleni, Isevya au Mwinyi, wapi watoto watasoma.

Kwanza tuelewane, huku kwetu mtaa haukupi shule namna wenzetu wa Uingereza au Marekani wanavopewa. Kule nyumba unayokaa ndo inakuamulia sana mtoto atasoma wapi bure, kwaiyo watu wanagombania nyumba za upande fulani wa barabara mpaka bei zinapaa. Huku inategemea umechagua njia gani. Ukiwa na hela ya private, basi la shule linampitia mtoto hata akikaa Tumbi, mtaa haujakuzuia kitu. Ukimpeleka bweni ndo kabisa, mtaa wako unahusika siku ya kufungua na siku ya kufunga. Mtaa unakuwa na nguvu kwako pale tu mtoto anaposoma shule ya serikali ya kutwa, na kwa kuwa wengi wetu ndo huko tuliko, bas tuanzie huko. Ila ujue tangu mwanzo, kama ushaamua private, wewe tafuta nyumba yenye maji na usilipe kodi ya juu eti kwa sababu shule ya serikali iko mtaa wa pili.

Kabla sijaendelea niliondoe hili la Tabora Boys maana linachanganya watu mno. Mji huu una sifa ya shule toka enzi za mkoloni, Tabora Boys ilianza 1922 kusomesha watoto wa machifu, Mwalimu Nyerere kasoma pale, na alivorudi kutoka Makerere akafundisha St. Mary's, hiyo ndo leo tunaiita Milambo. Tabora Girls nayo ipo. Sa mtu akisikia hivo anaona akipanga nyumba karibu na pale mwanawe atakuwa kajisogeza. Hajajisogeza hata hatua moja. Tabora Boys na Tabora Girls ni shule za vipaji maalumu, ziko kundi moja na Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Msalato, wanachaguliwa wachache waliofaulu sana darasa la saba kutoka nchi nzima na wanakaa bweni. Mtoto wa Kakonko na mtoto anayesikia kengele ya Tabora Boys kila asubuhi toka kitandani wanapanga foleni ileile. Dalali atakwambia "hapa mama uko karibu na shule zote kubwa", mwitikie tu, alafu muulize maji yanatoka siku gani.

Haya, shule za kutwa. Hapa kuna kitu wazazi wengi tunakigundua Desemba mtoto kashamaliza la saba, yani tumechelewa. Ukichagua shule ya msingi ya serikali ujue umeshachagua nusu ya sekondari. Matokeo yakitoka watoto wanapangiwa shule, wachache wanaenda bweni za kitaifa, wengine wote waliofaulu wanapangiwa sekondari za kutwa, na kwa kawaida ni zile zilizo jirani na shule ya msingi walikosoma, ndo zile shule za kata ambazo nyingi zilijengwa kuanzia 2004 kwa ule mpango wa kila kata na sekondari yake. Kwaiyo ukienda kuangalia shule ya msingi usiishie kusifia maua ya getini, muulize mwalimu, watoto wenu wakimaliza wanapangiwa wapi? Atakutajia sekondari moja au mbili. Hizo nazo nenda kaziangalie kwa macho, na uhesabu umbali kutoka nyumba unayotaka kupanga, maana kuna nyumba iko dakika kumi toka shule ya msingi na saa nzima ya mguu toka sekondari, na mtoto wa sekondari ndo anatoka mapema kuliko wote na kurudi wa mwisho.

Na kwa wanaonunua viwanja kuna la ziada. Manispaa ya Tabora imezungukwa na wilaya ya Uyui. Ukitoka nje kidogo viwanja vinashuka bei, unafurahi, unajenga, kumbe ushavuka mpaka uko halmashauri nyingine ambayo makao makuu yake yako Isikizya. Sisemi shule za Uyui mbaya, nasema tu afisa elimu wako ni mwingine, mtoto wako atapangiwa sekondari za huko, na siku ukitaka kumvusha aje mjini hiyo ni barua ya kutoka halmashauri kwenda halmashauri. Muulize mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa kabla hujatoa hela, swali lenyewe la sekunde tano, hapa ni Manispaa au ni Uyui?

Sasa tuje kwenye matokeo, maana wifi aliponiuliza "shule nzuri" najua alikuwa anamaanisha shule inayofaulisha. Zamani ilikuwa rahisi, baraza la mitihani likitangaza matokeo linataja na shule kumi bora, magazeti yanaandika, wazazi tunakariri. Mwaka 2023 wakaacha, matokeo ya kidato cha nne ya 2022 yalitangazwa bila kumi bora wala mwanafunzi bora, na kiukweli mi niliona sawa maana ile orodha ilikuwa tangazo la biashara la bure. Ila matokeo ya kila shule bado yanawekwa kwenye tovuti ya NECTA, yeyote mwenye bando anayaona. Shida ni kuyasoma.

Chukua darasa la saba. Masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300, na wastani wa shule unapatikana humo. Tuseme shule moja ya private ina watahiniwa 22 na wastani wa 245, shule ya serikali hapo jirani ina watahiniwa 190 na wastani wa 172. Ukiangalia harakaharaka ya kwanza ni A ya pili ni C, kesi imeisha. Ila jiulize wale 22 waliingiaje. Walifanyishwa intavyuu, wazazi wao wanalipa ada, nyumbani kuna taa na vitabu, wengine wana mwalimu wa jioni. Wale 190 shule ilipokea kila aliyekuja, na mwenye viatu na asiye navyo. Ule wastani wa 245 unakueleza sana habari za walioingia na kidogo habari za ufundishaji. Mtoto wa ile shule ya serikali aliyepata 240 katikati ya wenzake 190, huyo mi ndo nataka kujua kafundishwa na nani. Kwaiyo usiangalie wastani peke yake, fungua orodha yote ya watahiniwa uone juu kuna nini. Kama kwenye 190 kuna watoto 20 wenye A za kutosha, maana yake anayeshika anafundishika pale. Kama aliye juu kabisa ana C, hapo sasa ndo uogope. Na angalia miaka mitatu, usiangalie mmoja, maana mwalimu mzuri wa hesabu akihama tu shule inaporomoka na akija inapanda.

Kidato cha nne ndo kuna ujanja zaidi, na hapa naomba unisome taratibu. Umeona yale mabango, ufaulu asilimia 98, picha ya watoto wanaruka juu? Kufaulu kwenye hesabu hizo ni kuanzia divisheni wani mpaka foo. Divisheni foo ni pointi 26 mpaka 33, na pointi zikiwa nyingi ndo mbaya, A ni 1 na F ni 5, wanajumlisha masomo saba aliyofanya vizuri. Sa kwenda kidato cha tano mtoto anatakiwa awe na C tatu angalau. Wenye foo wengi hawana. Piga hesabu, shule ina watahiniwa 50, mmoja kapata ziro, 34 wamepata foo, 15 ndo wako kati ya wani na thrii. Ufaulu hapo ni asilimia 98, bango halijadanganya, ila watoto 34 kati ya 50 wako kwenye foo ambayo mara nyingi haiwavushi. Kwaiyo bango lisome kwa kuuliza wani mpaka thrii ni wangapi, na wangapi walikaa mtihani.

Ukishuka chini kwenye ukurasa wa matokeo wa shule yenyewe kuna jedwali la masomo, wengi hawafiki huko. Linaonesha kila somo walikaa wangapi na GPA ya somo hilo, yani wastani wa pointi zao. Hapo nenda Hisabati na Fizikia. Ukikuta kwenye shule ya watoto 120 waliofanya Fizikia ni 6, bas hata kama wamefaulu wote sita hiyo shule haina Fizikia, ina watoto sita wanaojipambania. Na kwa wifi hili lina maana sana kwa kuwa mkubwa wake yuko kidato cha tatu na ameshachukua sayansi, akiletwa shule ambayo mwalimu wa Kemia ni wa kuazima mwaka huo umepotea.

Alafu kuna hesabu ya waliopungua. Hii alinifundisha mwalimu mmoja mstaafu tukiwa kwenye foleni ya Kitete hospitali, tangu siku hiyo siachi kuitumia. Fungua matokeo ya kidato cha pili ya shule fulani, hesabu waliofanya. Fungua ya kidato cha nne miaka miwili mbele, hesabu tena. Walikuwa 88, sasa 53. Hao 35 wameenda wapi? Kwa shule ya serikali jibu linaweza kuwa utoro, mimba, kurudia kidato cha pili maana ukifeli unarudia, au familia zimehama, ni maumivu ya mtaa mzima hayo. Kwa shule ya private ya gharama ambako hakuna utoro, watu 35 kuyeyuka ni mchujo, yani wasiofika wastani wameambiwa wakatafute kwingine kabla hawajachafua GPA. Serikali imekataza mara nyingi kufukuza mtoto kwa wastani ila shule zingine zina lugha laini, "tunamshauri mzazi amtafutie mazingira rafiki". Shule ya namna hiyo itakuwa na matokeo ya kuvutia milele. Kama mwanao ni wa katikati, ambao kusema ukweli ndo watoto wetu wengi, jua upande gani wa hesabu atakuwa.

Ukishamaliza na simu, toka nyumbani. Matokeo ni ya walioondoka, wewe unamleta mtoto kwa walimu waliopo saivi. Nenda siku ya kawaida katikati ya wiki, usiende siku ya mahafali, na nenda mchana kama saa sita saa saba hivi ambapo asubuhi imeshachuja waliochoka. Kipimo cha serikali chenyewe ni watoto 45 kwa darasa la msingi na 25 kwa awali, choo tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule nyingi hazifiki, ukisema unataka inayofika utahama na nchi, ila ule upungufu unatofautiana sana. Darasa la watoto 70 wamekaa wanne dawati moja, na darasa la 140 nusu wako chini, yote yanaitwa msongamano ila si kitu kimoja. Mitaa ya katikati ya mji, Kanyenye, Gongoni, Chemchem huko, shule ni za zamani na watu wamejenga zamani. Pembezoni mji unakokua nyumba zinatangulia alafu madarasa yanafuata yakihema, unakuta shule nzuri mpya imepakwa rangi na imejaa mpaka barazani.

Kitu kingine ambacho mi nakiamini kuliko bango lolote ni madaftari. Omba jirani mwenye mtoto kwenye hiyo shule akuoneshe daftari la hesabu. Angalia tarehe na kalamu nyekundu. Kama kuna zoezi kila siku na limesahihishwa, hata kama darasa lina watu mia, mwalimu yupo. Kama daftari lina zoezi la Februari, alafu Machi, alafu mchoro wa gari, jibu unalo. Na uliza kuhusu chakula cha mchana, wazazi wanachangia mahindi na maharage au watoto wanashinda njaa mpaka saa tisa, maana mchango huo ni makubaliano ya wazazi, na shule ambayo wazazi wamekubaliana na uji unapikwa kweli ujue ina kamati iliyo hai. Ruzuku ya serikali ni shilingi 10,000 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari, shule ya watoto 900 hiyo ni milioni 9 kwa mwaka mzima, na humo kuna vitabu, chaki, mitihani, ukarabati. Elimu bila ada tangu 2016 imetuondolea mzigo kweli, ila kamati iliyolala na kamati iliyo macho utaitofautisha kwa kuangalia vyoo tu.

Private nayo ina la kuangalia kabla ya ada. Usajili. Shule ya msingi iliyosajiliwa ina namba inayoanza na EM, sekondari inaanza na S, omba uione. Kuna vishule vinaanza na awali, watoto wanakua navyo, wanaongeza darasa kila mwaka, ikifika mtihani wa la nne ndo unaambiwa watoto wataandikishwa shule nyingine ya rafiki yake mwenye shule. Kama huikuti shule kwenye matokeo na wanakwambia ina miaka kumi, uliza vizuri.

Hapa niseme la kwangu maana nisijifanye mjuzi sana. Sisi tulivohamia huku toka Kasulu niliingia tamaa ya inglishi midiam. Kijana wangu alikuwa anaingia la nne, amesoma kwa Kiswahili maisha yake yote na alikuwa wa tatu darasani. Tukamhamishia, shule siitaji, wakampima wakasema arudi la pili. La pili! Nkabishana tukakubaliana la tatu, ada ya mwaka nimelipa yote. Mtoto aliyekuwa anajibu kila kitu akawa bubu, anajua majibu ya sayansi lakini hajui kuyasema, anakojoa kitandani na umri ule. Muhula wa pili tukamrudisha serikalini, kapoteza mwaka na mi nimepoteza hela. Shule haikuwa mbaya, wenzake wanafanya vizuri mpaka leo, ni mi ndo nilimrusha mtoto katikati ya safari. Inglishi midiam ukitaka muanzishe awali au la kwanza. Wa la nne, la tano, fikiria mara mbili, na anayebaki Kiswahili mwandalie Kiingereza pembeni mapema kwa kuwa kidato cha kwanza kinakuja na masomo karibu yote kwa Kiingereza na hapo ndo watoto wa shule zetu wanapigwa ngumi ya kwanza.

Umbali nao si kitu cha kusema "ni karibu tu na boda". Fanya hesabu. Mwaka wa shule una siku 194. Tuseme boda ni 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, hiyo ni 388,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja, gawa kwa miezi 12 ni kama elfu 32. Kwaiyo nyumba iliyo jirani na shule inayozidi kodi kwa elfu 30 si ghali kama inavoonekana, tena hujaweka siku za mvua ambazo boda anapandisha, wala ile roho inavokuruka ukiona mishikaki, watoto watatu wanne nyuma ya pikipiki moja begi linaning'inia. Kigoma mmezoea vilima, mtoto wa Mwanga anapanda anashuka mpaka miguu inakuwa ya chuma. Tabora ni tambarare, na mi namshauri wifi kitu ambacho Kigoma asingekifikiria, amnunulie mkubwa baiskeli, huku hata mabosi wanaendesha. Tatizo ni barabara kubwa na reli, angalia mtoto anavuka nini. Pita njia yenyewe na yeye saa kumi na mbili asubuhi, utaona kama kuna pori, gereji, vijiwe vya vijana, kwa mtoto wa kike hasa.

Na kuna familia ambazo swali lote hili linageuka chini juu. Ukiwa na mtoto kiziwi, huanzi na mtaa, unaanza na shule, na Tabora ina shule ya viziwi toka 1963. Kwa wasioona ipo Furaha. Kwenu huko Kabanga, Kasulu, kuna shule inayopokea watoto wenye ulemavu wakiwemo wenye ualbino. Najua mama mmoja alihamisha biashara yake yote ya vitenge kuja huku kwa sababu ya mtoto mmoja kati ya watano, wale wanne wakapata popote.

Sasa turudi kwa watoto wa wifi mmojammoja maana mi mwishowe ndo nilimjibu hivo, nkamwambia acha mtaa, nitajie watoto. Wa mwisho anaanza awali, huyu hana shida, shule yoyote ya karibu yenye darasa lisilofurika, uandikishaji unaanza mapema kabla ya Januari, asisubiri kufungua ndo aende. Wa kati yuko kwenye lile kundi la mtaala mpya, walioanza la tatu mwaka 2024, hao kwa utaratibu uliotangazwa wanaishia darasa la sita mwaka 2027 pamoja na wakubwa wao wa la saba, alafu wote wanaingia kidato cha kwanza Januari 2028. Yani watoto wa madarasa mawili mlango mmoja. Kwa huyu sekondari ya kata ndo ya kuangalia sana, madarasa yameongezwa? Walimu? Kama sekondari ya eneo hilo saivi tu imejaa mpaka inasomea chini ya mwembe, 2028 itakuwaje? Kwaiyo kama kuna mtoto mmoja wa kumpangia mtaa, ni huyu.

Mkubwa wa kidato cha tatu ndo wa haraka. Mwakani ni mtihani, na mtahiniwa akishasajiliwa kituo wakuu wa shule wengi hawataki kusikia habari ya kuhama. Wifi ana mambo mawili ya kuchagua, ahame naye mapema mwaka huu baada ya kuhakikisha masomo yake yote yanafundishwa huku, au amwache Kigoma kwa shangazi amalize. Kaka anataka waje wote. Mi sijasema kitu hapo, ni mambo ya nyumba yao, ila nikiulizwa pembeni, ningemwacha kwa shangazi.

Uhamisho wenyewe unaanzia shule anayotoka, ila kabla ya hapo pata neno kwa shule unayoitaka kwamba nafasi ipo, barua ipite kwa maafisa elimu wa kule na wa huku. Kwa wa msingi omba namba yake ya PREM, ile namba ya mwanafunzi kwenye mfumo, inamfuata popote anapoenda, na kama shule ya zamani haijamwachia kwenye mfumo huku hawawezi kumpokea hata akikaa darasani miezi mitatu. Cheti cha kuzaliwa, matokeo ya la nne, fomu ya uhamisho, wifi hivyo vyote shika mkononi kwenye kipochi chako. Vyangu vilikuwa kwenye sanduku, sanduku chini ya kabati, kabati chini ya magodoro, na lori liliharibikia njiani likaingia Tabora siku ya kumi na moja, watoto wa wenzangu wanasoma wangu wanacheza gololi.